Bila Kutema

Miaka thelathini na mitatu nimetema.
Chai ya Nandi, chai ya Kericho, chai iliyochelewa kiwandani
ikanuka kama soksi za mwanafunzi wa bweni:
kijiko mdomoni, mvuto wa kelele,
ulimi ukatoa hukumu, mengine yakaenda koponi.
Vikombe mia tatu kabla ya saa nne asubuhi,
na kiu nikarudi nayo nyumbani.

Leo Kisia, mtoto wa kaka yangu,
amenikalisha kwenye kiti cha plastiki
ndani ya godauni la zamani la pamba, njia ya Kibos.
Februari. Mabati yanalia kwa joto,
Kisumu nzima ni chungu kilichofunikwa.
"Shangazi, hizi ni nyepesi, za kiangazi.
Tupe alama, moja hadi kumi. Usituonee huruma."
Nikaangaza macho kutafuta kopo la kutemea.
Akacheka. Akech naye akacheka kule kwenye mapipa:
"Bia haitemwi, mama. Uchungu wake unakaa nyuma,
huko kooni, ambako chai yako haikuwahi kufika."

Mimi ni mtoto wa Kanisa la Marafiki.
Baba alikuwa akivuka barabara
akiona mtungi wa busaa unakuja kichwani mwa mtu.
Nimefikisha miaka sitini na miwili
bila tone.
Nikameza.

Ya kwanza, ya ngano na ganda la chungwa:
povu limetulia, halikimbii,
rangi ya jani kavu la mhindi jua likilipitia.
Mwanzo mtamu, mwisho hakuna.
Mgeni anayebisha hodi,
ukifungua mlango keshaondoka.
Sita.

Ya mtama na ndimu, hapo nilinyamaza.
Ukali wake ulinifinya mashavu,
kisha ukalegea, ukaacha nafaka tupu,
harufu ya ghala wiki ya mavuno,
unga kwenye nyusi za mwenye kinu.
Jasho likapoa shingoni.
Nikaandika nane, nikafuta, nikaandika nane na nusu,
nikaionea haya ile nusu, nikaiacha.

Ya mchaichai ni sabuni.
Nilisema hivyo hivyo. Akech akainamisha kichwa,
nikajua ni yake.
Nikaonja tena, kwa haki, si kwa huruma:
ni sabuni nzuri, lakini ni sabuni.
Tatu.

Halafu stima ikapotea.
Feni ilizunguka mara mbili za kuaga, ikasimama.
Jokofu likakohoa. Kisia akaifuata jenereta
akiitukana kwa Kimaragoli, lugha ambayo jenereta haijui,
na ile ya pasheni ikapata joto mkononi mwangu kabla sijaigusa.
Karatasi yake iko wazi mpaka sasa.

Katika kiza kile Akech alinimiminia nyingine,
kutoka chupa isiyo na lebo.
Ilikuwa ya wimbi. Imepita motoni kidogo tu,
nyembamba, kavu,
baridi ya jiwe la mto Edzava asubuhi ya shule
tulipokuwa tukikanyaga majini viatu vikiwa shingoni.
"Hii ni ya nani?"
"Ya nyanya yangu. Mimi nimeipunguza uzito tu.
Kisia anasema haiuziki."

Nikaitafuta hukumu kwenye ulimi, mahali pake pa siku zote,
nikaikuta imeshateremka.
Vikombe vyote vile!
Kumbe nilikuwa nikiandika habari za nyumba za watu
nimesimama mlangoni.
Nje, mtu alipita na redio, ikififia kuelekea relini.
Baba angekuwa ameshavuka.
Mimi nikasogeza glasi mbele, iongezwe.

Stima iliporudi, Kisia alikuja amejipaka grisi mpaka kidevuni,
akahesabu mezani, akahesabu tena:
glasi tano, karatasi nne.
Akech alikuwa anasuuza pipa, mgongo ametupa.

Nikamwambia Kisia alete karatasi nyingine,
na kalamu yenye wino wa kutosha.